Shahada mfukoni, boksi begani: tuambiane ukweli kuhusu kazi za ughaibuni



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, tunakutana na Musa akiwa mkimbizi katika nchi ya Midiani. Habari zake tunazijua tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza: alilelewa na binti Farao, akakulia katika nyumba ya kifalme. Stefano shahidi, katika Matendo ya Mitume sura ya 7, anaongeza kwamba Musa alipata elimu ya Kimisri kwa ukamilifu. Kwa lugha ya leo tungesema alisoma chuo kikuu bora kuliko vyote vya wakati wake. Lakini alipofika Midiani, kazi aliyoipata ilikuwa kuchunga kondoo wa baba mkwe wake. Wala hakuwachunga kwa msimu mmoja. Stefano anasema ilipita miaka 40.

Sisi wahubiri mara nyingi tunairuka miaka hiyo 40 ili tufike haraka kwenye kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea. Leo nakuomba tubaki kidogo hapo katikati, kwa sababu wapo vijana wetu wengi, waliobatizwa katika parokia zetu na kusomeshwa kwa michango ya ndugu, ambao wako hapo sasa hivi. Ni wauguzi, wahandisi, wahasibu, walimu na madaktari waliohamia nchi za mbali kihalali kabisa, viza zao mkononi, na leo wanasafisha vyumba vya hoteli, wanapanga mizigo ghalani usiku, wanaendesha teksi au wanawaogesha wazee katika nyumba za kulea wazee.

Mitaani tuna jina la maisha hayo: kubeba boksi. Tunalitamka huku tunacheka. Nadhani umefika wakati wa kuacha kucheka na kuelewa kinachotokea.

Milango miwili

Nichukue mfano wa Kanada, kwa sababu ni nchi ambayo vijana wengi huniuliza habari zake, na kwa sababu mambo yake yameandikwa wazi. Tangu mwaka 1967 Kanada imekuwa ikichagua wahamiaji wenye ujuzi kwa kuwapa alama. Tangu Januari 2015 maombi mengi ya wataalamu hupitia mfumo unaoitwa Express Entry. Mwombaji hupimwa umri, elimu, uzoefu wa kazi na ufasaha wake katika Kiingereza au Kifaransa, na wenye alama za juu ndio wanaoalikwa. Kwa hiyo wanaoingia kwa njia hii si watu wa kubahatisha. Wamechujwa, tena kwa chekeche dogo.

Sasa tazama kinachofuata. Sensa ya Kanada ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wahamiaji wenye shahada za nje ya nchi hiyo walikuwa wanafanya kazi zisizohitaji elimu zaidi ya sekondari. Kiwango hicho ni maradufu ya kile cha wenye shahada waliozaliwa au kusomea hukohuko. Miongoni mwa waliosomea udaktari nje, chini ya nusu ndio waliokuwa wanafanya kazi ya udaktari. Kwa waliosomea uuguzi nje, waliokuwa katika kazi ya muuguzi aliyesajiliwa, au kazi iliyo karibu na hiyo, walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Na utafiti wa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo uliotolewa 2012, ukitumia takwimu za sensa ya 2006, ulikuta miongoni mwa madereva teksi wahamiaji wapatao 200 waliokuwa na shahada za udaktari wa tiba au za uzamivu.

Inawezekanaje nchi imchague mtu kwa sababu ya elimu yake, kisha elimu hiyohiyo isimsaidie kupata kazi? Jibu ni kwamba kuna milango miwili, na wenye funguo ni tofauti. Serikali kuu ndiyo hufungua mlango wa nchi. Lakini leseni ya kufanya kazi ya udaktari, uuguzi, uhandisi au ualimu hutolewa na vyombo vya majimbo, na kila chombo kina masharti yake. Ile karatasi inayosema kwamba shahada yako ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere inalingana na shahada ya Kanada ni kwa ajili ya maombi ya kuhamia. Si leseni ya kazi. Wengi hulijua jambo hili wakiwa wameshashuka kwenye ndege.

Daktari akifika hutakiwa kufaulu mitihani, kisha apate nafasi ya mafunzo ya vitendo hospitalini, na nafasi zilizotengwa kwa waliosomea nje ni chache kuliko wanaozitafuta. Muuguzi hutakiwa vyeti vyake vitumwe moja kwa moja na chuo alichosoma na baraza lililomsajili, afaulu mtihani uleule wanaofanya wauguzi wa Marekani, na aonyeshe kwamba hajakaa muda mrefu nje ya kazi yake. Hapo ndipo penye mtego. Wakati barua zinasubiriwa, pango la nyumba halisubiri. Muuguzi anaingia ghalani kupanga maboksi ili alipe pango. Miezi inapita, kisha miaka, na kila mwaka anaokaa mbali na wodi unaudhoofisha ushahidi kwamba yeye bado ni muuguzi.

"Una uzoefu wa hapa?"

Kuna pia taaluma zisizohitaji leseni, kama uhasibu wa kawaida wa ofisini, masoko au utawala. Huko kikwazo ni swali moja: una uzoefu wa kazi wa hapa Kanada? Bila uzoefu huo huajiriwi, na bila kuajiriwa huwezi kuupata uzoefu.

Mchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto aliwahi kulichunguza jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa 2011 ulihusisha maombi ya kazi yapatayo 13,000 yaliyotungwa kwa makusudi na kutumwa kwa waajiri. Elimu na uzoefu viliandikwa sawa, lakini baadhi ya maombi yalibeba majina ya Kiingereza na mengine majina ya Kihindi, Kipakistani au Kichina. Wenye majina ya Kiingereza waliitwa kwenye usaili zaidi. Uzoefu ulipoandikwa kuwa wa nje ya Kanada, walioitwa walipungua zaidi. Ukisoma hayo unamkumbuka Nathanaeli katika Injili ya Yohane, sura ya 1, ambaye kabla ya kumwona Yesu alishatilia shaka kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti. Tofauti ni kwamba Nathanaeli alipoambiwa aje aone, alikwenda kuona.

Tuwatendee haki wenzetu: wapo waliokwenda kuona. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilitoa sera inayosema kwamba kudai uzoefu wa Kanada ni ubaguzi kwa sura yake, na ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba kazi yenyewe inauhitaji kweli. Mwaka 2023 chombo kinachosajili wahandisi wa Ontario kiliondoa sharti hilo. Ni hatua ya kweli, ingawa imechukua miaka mingi kuifikia.

Tuseme pia kwamba si kila sharti ni uonevu. Hata kwetu kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuna Baraza la Madaktari, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mama anayempeleka mtoto wake hospitali, awe Toronto au Tabora, ana haki ya kujua kwamba anayemshika mtoto huyo amepimwa. Kupima ujuzi wa mtu ni haki. Kukataa hata kuupima, au kuuwekea kipimo kisichofikika, ndiko kunakoumiza.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baadhi yetu huutumia msemo huo kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini una maana nzuri zaidi: siku ya tatu mgeni ni mtu wa nyumbani, ana mikono, naye ashiriki kazi ya nyumba. Mzee hakumuuliza mgeni amelima miaka mingapi katika shamba hili. Alimpa jembe, akatazama anavyolima. Na ndiyo maana wazee haohao walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa tabibu aliyemfikia amepewa ufagio?

Ufagio si aibu

Hapa naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba ufagio ni aibu. Bwana wetu aliitwa mwana wa seremala, na mikono ya Yosefu wa Nazareti ilikuwa na sugu. Anayewaogesha wazee wa watu wengine katika baridi ya Januari anafanya kazi takatifu, hata kama cheti chake kinasema uhandisi. Mungu alipomwita Musa alimuuliza ana nini mkononi. Alikuwa na fimbo ya uchungaji, chombo cha ile kazi ambayo Wamisri wenzake wangeidharau. Fimbo hiyohiyo ndiyo Mungu aliyoitumia. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa kwenye basi la saa kumi alfajiri katika mji wa kigeni, usidhani miaka yako imepotea machoni pa Mungu.

Lakini Mungu kulitumia jangwa hakutupi sisi ruhusa ya kuwapeleka watu jangwani. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, namba 23, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kwenda kutafuta maisha mahali pengine, kwamba kuondoka kwake ni hasara kwa nchi aliyoiacha, na kwamba huko aendako asiwekwe katika hali duni kuliko wafanyakazi wengine. Tafakari hasara hiyo. Muuguzi amesomeshwa na jasho la mkulima wa kahawa wa Kagera. Kagera imempoteza. Na huko alikokwenda, hospitali haijampata. Kipaji kimoja kimepotea mara mbili.

Uongo unaotugharimu

Sasa tugeukie nyumbani, maana sehemu ya mzigo huu tunawabebesha sisi.

Mama mmoja aliyekuwa muumini katika parokia niliyohudumu zamani ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina. Aliuza shamba la ekari mbili ili mwanawe, mhandisi wa ujenzi, apate nauli na ile fedha ya kuonyesha benki kwamba ataweza kujikimu. Kijana alifika salama. Kwa miaka mitatu alimwambia mama yake kwamba yuko ofisini, anachora madaraja. Mama akawaambia wanajumuiya. Wanajumuiya wakafurahi, na tangu hapo kila harusi na kila msiba bahasha ya kwanza ilipelekwa kwa mama wa mhandisi.

Kumbe kijana alikuwa anapakua malori usiku. Akitoka huko anasafisha ofisi, analala saa nne, anaamka kurudi kwenye malori. Pesa aliyoituma kuulinda ule uongo ndiyo ingekuwa ada ya mitihani yake na nauli ya kwenda kuonana na wahandisi wenzake. Usiku mmoja alimpigia mama yake akamweleza yote. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Lakini unakula, mwanangu?"

Kijana aliniambia baadaye kwamba swali hilo lilimfungua kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwombea. Akaanza kutuma kidogo, akaweka akiba. Mwaka jana alifaulu mtihani wa maadili ya taaluma. Leseni bado hajaipata. Shamba halijarudi. Lakini mama na mtoto sasa wanaongea ukweli, na mama haogopi tena kukutana na mweka hazina wa jumuiya.

Ndugu msomaji, tunapompima mtoto wa mwenzetu kwa bati alizoezeka na gari alilomtumia baba yake, tunamfundisha kudanganya. Naye akishadanganya, mdogo wake anauza shamba la pili kwa kuuamini uongo huo. Amri ya nane haivunjwi na msemaji peke yake. Yupo pia anayelazimisha uongo kwa kukataa kusikia ukweli.

Kabla ya kuuza shamba

Kwa kijana unayefikiria kuhama, mimi sikuzuii. Abrahamu alihama, na Familia Takatifu ilikimbilia Misri. Nakuomba tu ukumbuke Luka sura ya 14, ambapo Bwana anamtaja mtu anayekaa chini kwanza na kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara.

Kwanza, usiishie kuuliza habari za viza. Uliza ni chombo gani kinachotoa leseni ya taaluma yako katika jimbo lile unalokwenda, na kinadai nini. Habari hizo zimeandikwa katika tovuti za vyombo hivyo, bure, bila wakala. Anayekuahidi kwamba shahada yako "itatambulika tu ukifika" muulize itatambuliwa na nani.

Pili, anza safari ya leseni ukiwa bado nyumbani. Kufuatilia barua chuoni na kwenye baraza ukiwa umesimama dirishani ni rahisi kuliko kuifuatilia kwa simu kutoka ng'ambo, saa za kazi za huku zikiwa usiku wako wa manane. Mitihani inayoweza kufanyika kabla ya kuondoka, ifanye.

Tatu, ukilazimika kuanza na kazi ya kujikimu, ianze bila aibu, lakini iwekee mwisho. Andika tarehe. Tenga siku moja ya juma kwa ajili ya taaluma yako, kama unavyotenga Dominika kwa ajili ya Mungu.

Nne, watafute watu wa kazi yako. Matendo ya Mitume, sura ya 18, yanatuambia kwamba Akila na Prisila walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho wakiwa mafundi wa mahema. Paulo alipofika mji huo akakaa kwao na kufanya kazi nao, kwa sababu walikuwa wa ufundi mmoja. Paulo hakuanza kwa kutangaza nafasi yake sokoni. Alifika kwa fundi mwenzake aliyemtangulia. Mpaka leo kazi nyingi hupatikana hivyo, kwa mtu anayeweza kusema: huyu namjua, ameshika kazi mbele ya macho yangu.

Na kwako uliyetangulia ukafanikiwa, kumbuka kisa cha Yosefu gerezani, Mwanzo sura ya 40. Mkuu wa wanyweshaji alisaidiwa na Yosefu, akarudishiwa cheo chake, kisha akamsahau. Miaka miwili mizima Yosefu alibaki gerezani, wakati mtu wa kumtaja alikuwa amesimama kila siku mbele ya Farao. Kuna msomi mwenzako leo anayehitaji dakika 20 zako za kumsaidia kupanga maombi yake ya kazi, au jina lako kama mdhamini. Usiwe mnyweshaji.

Nazareti ya kwetu

Nisiache jambo moja linalotuhusu tulio huku. Tunaona uchungu watoto wetu wakifungiwa milango ng'ambo. Je, sisi wenyewe? Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996, wameishi watu kutoka Kongo na Burundi ambao kwao walikuwa walimu, wauguzi na mafundi. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inawataka waishi katika maeneo yaliyotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Jirani zetu Uganda, kwa sheria yao ya 2006, waliwaruhusu wakimbizi kufanya kazi. Serikali zina sababu zake na zina mizigo yake, nami si mtunga sheria. Lakini Walawi sura ya 19 inatuagiza tumpende mgeni kama nafsi zetu, tukikumbuka kwamba nasi tulikuwa wageni. Yule Mkongo anayekusukia nywele au kukushonea nguo, umewahi kumuuliza alikuwa anafanya kazi gani kwao?

Katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka saa ya kumi na moja na kuwakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza kwa nini wamesimama bure kutwa nzima. Hawakuwa wavivu, maana mchana kutwa walikuwa pale pale mahali pa kutafutia kazi. Walimjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Bwana alisikiliza jibu lao, akalikubali, akawapa kazi jioni ileile.

Basi leo baada ya Misa, fanya jambo moja. Mpigie simu ndugu yako aliye mbali. Usimuulize atatuma lini wala amefikia wapi kujenga. Muulize kama anakula, kama analala, na kama kuna karatasi yoyote ya chuo au ya baraza ambayo unaweza kumfuatilia huku kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa.